Wageni wa harusi Mwanza: taarifa za hoteli niwatumieje?

Habari za jioni, ndugu zangu. Mdogo wangu anaolewa hapa Mwanza, malazi nimekabidhiwa mimi. Wageni wanatoka Bukoba, Musoma na Dar. Kundi la WhatsApp la harusi limejaa watu, wengine siwajui kabisa. Nibandike humo orodha yote, majina, vyumba na namba za bukingi? Bibi yetu naye ana simu ya kitochi.

Mama wa Kirumba: Usibandike, mwanangu! Kwenye mitandao mingi ya kukodi vyumba vya hoteli, mwenye namba ya bukingi na jina la ukoo anaweza kufuta chumba cha mtu. Kundini weka jina la hoteli, bei, simu ya mapokezi na siku ya mwisho ya kuthibitisha. Namba mtumie kila mmoja pembeni.

Kaka Nyegezi: Taja wazi pesa zinalipwa wapi, matapeli wanapenda sana harusi. Wa Bukoba wakija na meli ya usiku watashuka asubuhi, na vyumba kwa kawaida hutolewa mchana. Omba hoteli iwatunzie mizigo.

Muulizaji: Shikamoo mama, asante kaka. Bibi nitampigia mwenyewe.