Je, sheria isiyotaja rangi inaweza kuwa ya kibaguzi? Uingereza na Wahindi wa Kenya, 1968

Mwalimu wa Kisauni aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa somo la historia kuhusu Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ambayo Uingereza ilipitisha tarehe 1 Machi 1968, ile iliyowafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Nimeyapitia masharti yake na sikuona mahali palipotajwa rangi ya mtu wala asili ya Kihindi. Kinachosemwa ni kwamba mwenye pasipoti hatazuiwa iwapo yeye mwenyewe, au mzazi wake, au babu au bibi yake, alizaliwa Uingereza au alipata uraia huko huko. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ni haki kuiita sheria hiyo ya kibaguzi ilhali maneno yake hayambagui mtu, akaongeza kuwa kila mwenye nyumba ana haki ya kuchagua mgeni wa kumkaribisha. Nilimjibu kijuujuu, na jibu lenyewe halikuniridhisha. Ninyi mngemjibu vipi?

Mzee wa Ngara alijibu:

Mwalimu, mwambie kijana wako kwamba watu hao hawakuwa wageni waliobisha hodi. Ufunguo wa nyumba walikuwa nao mfukoni, na aliyewapa ni mwenye nyumba mwenyewe.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, wale ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuomba uraia wa Kenya, na ambao hawakuomba walibaki na uraia wa Uingereza. Hapo pana jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Sheria ya uhamiaji ya Uingereza ya 1962 iliwadhibiti watu wa makoloni waliokuwa na pasipoti zilizotolewa na gavana, lakini haikumgusa aliyepewa pasipoti na serikali ya London. Baada ya uhuru gavana hakuwapo tena, na pasipoti hizo zikawa zinatolewa na ubalozi wa Uingereza hapa Nairobi kwa niaba ya London. Kwa hiyo Mhindi wa Ngara akawa na haki ya kuingia Uingereza sawasawa na mtu aliyezaliwa Leeds. Iain Macleod, aliyekuwa Waziri wa Makoloni kabla ya uhuru wetu, alisema waziwazi mwaka 1968 kwamba ahadi ilitolewa.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kazi katika duka la vitambaa. Tajiri wangu aliiweka pasipoti yake ya bluu ndani ya mkebe wa majani ya chai, imefungwa kwa kipande cha kitambaa cha marekani. Jioni moja ya Februari, redio ikisema kuhusu muswada huo, aliitoa akaniomba nimsomee ukurasa wa mwanzo kwa sababu miwani yake ilikuwa nyumbani. Nikasoma maneno yanayoomba, kwa jina la Malkia, kwamba mwenye pasipoti aachwe apite bila kizuizi. Akaniambia nisome tena. Kisha akaifunga katika marekani yake, akarudi kupima vitambaa, na hakusema neno hadi tulipofunga duka.

Msomaji wa Moshi alijibu:

Shikamoo Mzee. Simulizi yako imenigusa, lakini tusiifiche sehemu ya Nairobi katika jambo hili. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, zilizowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na kuwazuia kufanya biashara katika baadhi ya maeneo na bidhaa. Hizo ndizo zilizowajaza watu katika ndege za kutoka Embakasi. Isitoshe, serikali yoyote ina wajibu wa kufikiria nyumba na shule kabla ya kupokea maelfu ya watu kwa mkupuo. Nakubali kwamba Uingereza ilivunja ahadi yake, na hilo ni kosa. Kuliita ubaguzi wa rangi, hata hivyo, kunahitaji ushahidi wa nia.

Wakili wa Dodoma alijibu:

Ndugu yangu wa Moshi ameuliza swali la haki, na ushahidi upo. Kwanza tuangalie sharti la babu lilimnasa nani na kumwachia nani. Mlowezi Mzungu wa Nakuru, hata kama hajawahi kukanyaga Uingereza, kwa kawaida alikuwa na babu aliyezaliwa huko, naye akapita. Mhindi mwenye pasipoti ile ile alikuwa na babu aliyezaliwa Gujarat au Punjab, naye akazuiwa. Katika kipindi hicho hicho raia wa Jamhuri ya Ireland, ambao ni watu wa nchi nyingine kabisa, waliendelea kuingia bila kizuizi, na hakuna aliyewawekea kikomo kwa sababu ya nyumba au shule. Kama hofu ilikuwa ni wingi wa watu tu, mbona kipimo kiliwekwa kwa Wahindi peke yao?

Pili, muswada ulipitishwa katika mabaraza yote mawili ya Bunge kwa siku tatu, chini ya Waziri Mkuu Harold Wilson na Waziri wake wa Mambo ya Ndani James Callaghan. Raia hao wakatengewa vocha, yaani vibali vya kuingia, 1,500 kwa mwaka kwa ajili ya wakuu wa familia, na baadhi ya waliojaribu kuingia bila vocha wakawa wanarushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine. Mwaka 1973 Kamisheni ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliichunguza kesi ya Waasia wa Afrika Mashariki na kuona kwamba sheria hiyo iliwabagua kwa rangi, na kwamba kumtenga mtu hadharani kwa sababu ya rangi yake kunaweza kuwa udhalilishaji. Ripoti hiyo haikuwekwa wazi hadi mwaka 1994.

Kisha Septemba 2024 serikali ya Uingereza yenyewe, baada ya kuikalia kwa muda mrefu, ilichapisha ripoti ya kihistoria iliyoandikwa kufuatia kashfa ya Windrush, ile ya watu wa Karibiani waliokuwa wakaazi halali wakafukuzwa kazi na wengine kurudishwa makwao. Ripoti inasema kwamba kati ya 1950 na 1981 kila sheria ya uhamiaji au uraia ilibuniwa, angalau kwa sehemu, kupunguza idadi ya watu wasio Wazungu nchini humo. Nia hiyo imekiriwa na nani zaidi ya ofisi zilizoibeba? Mimi sihitaji shahidi mwingine.

Naomba pia Mwalimu asilifundishe jambo hili kama la zamani tu. Hadi Agosti 2020 maombi ya viza ya Uingereza yalikuwa yakipangwa na programu ya kompyuta kwa rangi za taa za barabarani: kijani, manjano na nyekundu. Uraia wa mwombaji ulikuwa kigezo kimojawapo. Serikali iliiacha programu hiyo baada ya kufunguliwa kesi na watetezi wa wahamiaji, ambao hoja yao ilikuwa rahisi kuielewa: waliowekwa kwenye nyekundu walichunguzwa zaidi na kukataliwa zaidi, na kukataliwa huko kukatumika kuwahesabu wenzao wajao kuwa watu wa mashaka.

Msomaji wa Moshi alijibu:

Mfano wa Ireland sikuwa nimeufikiria. Naondoa nilichosema kuhusu nia, ingawa la Nairobi bado nalishikilia.

Mwalimu wa Kisauni alijibu:

Nawashukuru nyote. Nitaanza somo na wajukuu wawili wenye pasipoti moja, wa Nakuru na wa Ngara, kisha niwaache wanafunzi waisome sheria wenyewe na kutafuta nani anapita. La Nairobi pia nitalifundisha, kwa sababu tajiri wa Mzee alisukumwa upande mmoja na kuzuiwa upande wa pili. Mzee, kama si vibaya kuuliza, alifika?

Mzee wa Ngara alijibu:

Alifika, Mwalimu, lakini baada ya kungoja vocha miaka mitano, na leseni ya duka ilikuwa imekwisha zamani. Mama yake aliyekuwa akiishi naye alifariki katika kungoja huko. Siku ya kuondoka aliniachia mkebe wa chai, na kile kipande cha marekani kilikuwa bado ndani.