Tunaishi ndani ya gari na watoto, mbwa na paka: masomo tuyapangeje?

Mama wa Safari, Lubumbashi

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wa watu waliowahi kuishi safarini. Mume wangu hufunga mitambo ya umeme wa jua, na kazi yake humpeleka Likasi wiki mbili, Kolwezi mwezi mzima, kisha Kasumbalesa. Kwa miaka minne tulibaki Katuba tukimsubiri. Mwezi Machi tuliirudisha nyumba kwa mwenyewe, tukahamia ndani ya lori dogo ambalo fundi alilitengenezea vitanda, meza ya kukunja na rafu za sufuria. Tuko watu wanne, mbwa mmoja na paka mmoja.

Sijutii kuhama, kwa sababu watoto sasa wanakula bukari pamoja na baba yao kila jioni. Masomo, hata hivyo, yamelegea. Tunaanza asubuhi, simu ya kazi inaita, madaftari yanarudishwa sandukuni, na tukifika tunakokwenda kila mtu amechoka. Mbwa hutapika njiani. Paka alipotea siku mbili karibu na Likasi, na mwanangu wa miaka 8 hakushika kalamu mpaka aliporudi. Binti yetu, mwenye miaka 11, ataingia darasa la sita mwezi Septemba. Je, ataweza kufanya mtihani wa taifa? Na wanyama hawa, tuwapeleke kwa bibi yao?

Mwalimu Mstaafu, Likasi

Mama, nianze na binti, kwani jambo lake lina tarehe. Ibara ya 43 ya Katiba yetu inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za serikali. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambao wengi bado wanauita TENAFEP, mwanafunzi huandikishwa kupitia shule yake. Kwa hiyo, kabla ya Septemba, nendeni mkaongee na mkuu wa shule moja ya Lubumbashi, mmweleze hali yenu bila kuficha, mmwandikishe mtoto, na mkubaliane ni majuma gani atakaa darasani na mitihani ipi ataifanyia hapo. Msiifuate mifano ya familia za Marekani mnazoziona kwenye intaneti: kule elimu ya nyumbani inaruhusiwa kisheria katika majimbo yote 50 tangu 1993, na viwanja vyao vya magari vina maji na umeme. Kwetu njia ya kujisomea bila shule inajulikana zaidi kwa watu wazima wanaotafuta diploma ya serikali.

Kuhusu ratiba, kosa ni kufundisha siku ya safari. Siku ya safari iwe ya safari. Siku ambazo gari limesimama, fundisheni asubuhi, hesabu na Kifaransa kwanza, na baba asiiguse meza ile kabla masomo hayajaisha. Watoto wanne niliowafundisha, ambao baba yao alikuwa dereva wa malori, waliendelea vizuri kwa mpango huo.

Dereva wa Zamani, Ruashi

Yaya, mimi nina neno moja tu, lakini ninakuomba ulisome mara mbili. Juni na Julai usiku wa huku ni baridi kali, na watu huingiza mbabula (jiko la makaa) garini ili wapate joto. Msifanye hivyo hata kwa dakika kumi, hata makala yakiwa yamebaki majivu mekundu tu. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makala haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kujua kwamba anakufa. Paka na mbwa nao hawataweza kuwaamsha. Pikeni nje, acheni mbabula nje, na mjifunike blanketi zaidi. Nimeshuhudia wenzangu wawili wakitolewa garini asubuhi, na mpaka leo sijaweza kuisahau ile asubuhi.

Mganga wa Mifugo, Kolwezi

Wanyama msiwapeleke popote, ikiwa mko tayari kuwatunza. Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa, kwa maana dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Chanjo ya kwanza huhesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku 21, na cheti chake kikae pamoja na pasipoti zenu. Mkitaka kuvuka Kasumbalesa, ombeni mapema kibali cha kuingiza mnyama Zambia. Kwa kutapika, msimlishe saa chache kabla ya safari, na msimwache kamwe ndani ya gari lililofungwa juani.

Paka ana adabu yake. Mfungieni kizimbani kila mnapofika mahali papya, mlisheni ndani jioni tu, na asubuhi mwangalieni chini ya boneti kabla ya kuwasha injini, maana hupenda joto la pale.

Mama wa Safari, Lubumbashi

Asanteni sana, baba zangu na kaka zangu. Jana usiku mbabula ilikuwa karibu na mlango wa lori letu, nayo tumeiondoa. Jumatatu tutakwenda shuleni Katuba kumwona mkuu wa shule. Mwanangu anauliza kama anaruhusiwa kumtengenezea paka kizimba yeye mwenyewe. Nimemwambia ndiyo, hesabu zikiisha.