Mrejesho: "Hana ushirikiano" na faili langu la kupandishwa cheo

Wadau, mtakumbuka nililalamika kwamba kamati ilinikwamisha kupanda cheo kwa maneno mawili tu: "hana ushirikiano". Mlionielekeza kwenye tamko la mwaka 1999 la AAUP, chama cha maprofesa wa Marekani, asanteni sana. Linapinga ushirikiano kuwa kigezo kinachojitegemea. Upimwe ndani ya ufundishaji, utafiti na huduma. Nikaliambatisha kwenye rufaa, nikadai mifano. Ukaja mmoja: kikao nilichopinga mtaala mpya. (Muhtasari unaonyesha nilitoa hoja, na wawili wakaniunga mkono!) Sentensi ile imefutwa, faili linasomwa upya. Mkuu wa idara bado haitikii salamu. Ila barua pepe zake kweli nilikuwa nachelewa kujibu. Hilo nimelikiri kwa maandishi.