Tupeane uzoefu: kazi yako ya kwanza ya sauti iliyoharibika

Mwanzisha mada, Mwanza

Wenzangu, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uandishi wa habari, na muhula huu tumeanza somo la kurekodi sauti na kutayarisha vipindi vya redio. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo moja tu: kazi ya kwanza ya sauti iliyokuharibikia mkononi. Naanza mwenyewe, kwa kuwa yangu bado ni mbichi.

Tulipewa kazi ya kuandaa makala ya dakika 5, nami nikachagua biashara ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Nilimpata mama mmoja mchuuzi, mwenye maneno yanayotiririka na kicheko ambacho huwezi kukisikia ukabaki umenuna. Alinisimulia jinsi magunia sita ya mzigo wake wa kwanza yalivyolowa mvua njiani, na jinsi alivyofika nyumbani akacheka peke yake jikoni kwa sababu machozi yalikuwa yamekwisha. Tulizungumza dakika 40. Kinasa sauti nilikishika mkononi, taa nyekundu inawaka, vipimo vya sauti vinapanda na kushuka kama inavyotakiwa. Hedifoni zilikuwa begini, maana niliona haya kuongea na mtu mzima huku nimeziba masikio.

Jioni, mbele ya kompyuta ya chuo, ndipo niliposikia jenereta. Ilikuwa nyuma ya kibanda cha jirani yake, na masikio yangu yaliizoea baada ya dakika mbili nikaisahau, lakini kinasa sauti hakina mazoea. Kibaya zaidi, nilikuwa nimekiacha kijipangie chenyewe kiwango cha sauti: mama anapozungumza kinapunguza, akinyamaza avute pumzi kinaongeza ili kitafute cha kusikia, na kinachopatikana hapo ni jenereta. Kwa hiyo kila penye nukta jenereta inapanda juu kama mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kusema. Nikajaribu kuisafisha kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti: nikaipa programu sekunde 2 za mvumo mtupu iutambue, kisha nikaiamuru iuondoe kote. Mvumo ulipungua kweli, ila mama naye akawa anazungumza kama aliyetumbukizwa kwenye pipa la maji. Nilirudia mara nne kwa vipimo tofauti, kisha nikazima kompyuta.

Mwalimu hakunigombeza. Alisikiliza nusu dakika, akauliza, "Hedifoni zilikuwa wapi?" Nanyi je?

Mchangiaji kutoka Dodoma

Pole sana. Kwetu adui ni upepo. Nilirekodi uzinduzi wa kisima uwanjani, mwezi wa saba, na kipaza sauti hakikuwa na sifongo. Hedifoni sikuwa nazo, kwa hiyo nilidhani rekodi ina mvumo mdogo tu wa upepo, kumbe ilikuwa kama mtu anayepiga turubai kwa gongo, na kila alipotajwa mgeni rasmi jina lake likamezwa. Siku hizi natembea na soksi nzito ya sufu. Nakivisha kipaza sauti, naupa upepo mgongo, na mzungumzaji namsimamisha mbele yangu ili mwili wangu uwe ukuta. Upepo mkali kabisa hautashindwa kwa soksi, lakini ule wa kawaida hunyamaza.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam, mstaafu

Nimekuwa fundi mitambo wa redio kwa miaka mingi, na nilianza katika miaka ya 1980, wakati wa kanda. Ninyi mkikosea mnabonyeza mnarudi mlikotoka. Sisi tulihariri kwa wembe. Kanda ilikwenda kwa kasi ya inchi saba na nusu kwa sekunde, yaani sentimita 19, hivyo mtu akikohoa kwa nusu sekunde kikohozi chake kilikuwa kitu cha kushika: kipande chenye urefu wa sentimita tisa na nusu hivi. Unaizungusha kanda kwa mkono mbele ya kichwa cha mashine, taratibu, sauti inatoka ikinguruma, mpaka upate mahali neno linapoanzia. Unatia alama kwa kalamu ya nta upande wa mgongo, unailaza kwenye kibao chenye mfereji, unakata kwa mshazari, kisha unaunganisha kwa utepe wa gundi. Mshazari ule ulikuwa na maana yake, kwa sababu ukikata wima kiungo kinaweza kulia "tak" na msikilizaji akajua pamekatwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mahojiano ya dakika 12 na mkulima wa pamba, ambayo niliambiwa niyashushe hadi dakika 6. Nikaona njia ya mkato: kila mkulima alipovuta hewa, nilikata. Nilipomaliza nilijiona bingwa. Mkuu wangu akasikiliza, akavua miwani, akasema, "Huyu mtu hajapumua tangu aanze. Mimi mwenyewe nimeanza kukosa hewa." Usiku ule nilipiga magoti kwenye pipa la taka nikiokota vipande vya kanda vya sentimita tatu tatu, visivyo na alama yoyote, nikavipitisha kimoja kimoja kwenye mashine nikitafuta pumzi za mkulima yule miongoni mwa pumzi za watu wengine. Sina hakika kwamba zote nilizomrudishia zilikuwa zake.

Niongeze jambo, kwa kuwa vijana huniuliza mara kwa mara kwa nini muziki wa dansi uliorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu ambayo leo ni ya Nyerere, unasikika kana kwamba bendi imo chumbani mwako. Bendi ilipiga pamoja, wote kwa wakati mmoja, na mmoja akiteleza wote wanaanza upya. Hapakuwa na gitaa la Jumatatu na sauti ya Alhamisi. Kwa hiyo kazi yote ya fundi ilikuwa kabla ya kubonyeza: kumrudisha mpiga tarumbeta hatua mbili nyuma, kumleta mwimbaji karibu, kusikiliza, kumrudisha tena mpiga tarumbeta. Kijana wa Mwanza, jenereta yako ingetibiwa kwa kuhama hatua 20 kabla ya swali la kwanza. Sauti ikitoka mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili hupungua kwa desibeli 6 hivi, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Miguu ni mtambo pia.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Nasomea utangazaji. Studio ya chuo ni moja na wanafunzi ni wengi, kwa hiyo kazi nyingi twazifanyia vyumbani. Niliambiwa kwamba trei za mayai zikibandikwa ukutani chumba hugeuka studio, nikakusanya trei 60 kwa muuza mayai, nikajaza kuta mbili, na tuktuk zikaendelea kupita ndani ya rekodi zangu kana kwamba hakuna ukuta. Trei hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, basi. Sauti ya nje huzuiwa na uzito na kuziba mianya, na karatasi haina uzito wowote wa kutaja. Sasa nasimamisha godoro nyuma yangu, nafungua kabati, natia kichwa katikati ya mabuibui na leso za dada yangu, nasomea humo. Jasho hunitoka kama niko chomboni saa saba mchana, ila sauti hutoka kavu, haina mwangwi.

Lakini kilichonifunza zaidi ni adhana. Nilimrekodi nyanya yangu uani, Mji wa Kale, akieleza walivyokuwa wakikusanyika kusikiliza redio moja mtaa mzima. Adhana ya alasiri ikaingia. Akanyamaza mpaka msikiti wa karibu ulipomaliza, kisha akaendelea, ilhali msikiti wa mbali ulikuwa ungali ukiadhini. Nilifurahi, nikaona nimepata mandhari ya bure. Katika kuhariri nikaondoa sentensi mbili alizozirudia. Maneno ya nyanya yaliungana barabara, huwezi kujua pamekatwa, nami nikampelekea asikilize. Akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu muadhini umemfanya nini?" Nilikuwa nimesikiliza mdomo wake tu. Muadhini wa mbali alikuwa ameruka kutoka katikati ya wito hadi mwisho, kama kwamba kameza maneno ya Mwenyezi Mungu.

Tangu siku hiyo, panapotokea sauti yenye mpangilio wake nyuma ya mzungumzaji, iwe adhana, wimbo au honi za harusi, nasubiri iishe. Na kabla sijaondoka mahali popote nawaomba watu wanyamaze dakika moja, nirekodi mahali penyewe patupu, nipate kitu cha kuzibia nyufa. Watu hunishangaa. Nawaacha.

Mchangiaji kutoka Musoma

Yangu ni ya mubashara. Nilikuwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, katika redio jamii moja, siku ya tatu, nikaachwa na meza ya mitambo wakati mtangazaji amekwenda kumpokea mgeni getini. Wimbo ukaisha kabla hajarudi. Wimbo wa pili nilikuwa nao tayari, ila kitelezi chake, kile cha kusukuma juu ili sauti itoke hewani, sikukipandisha. Nikabonyeza, vipimo vya kompyuta vikacheza, hewani kimya. Nikadhani kompyuta imekwama, nikamwita mwenzangu kwa sauti ya juu, "Njoo, hiki kidude kimekufa!" Kumbe kitelezi cha kipaza sauti ndicho kilichokuwa juu. Miezi miwili yote iliyobaki, nikienda sokoni naitwa Kidude.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Nimecheka, lakini nina swali. Sisi wengine hatuna kinasa sauti kabisa, na chuo kina vichache. Je, simu inafaa?

Mchangiaji kutoka Mombasa

Yafaa sana ukiiheshimu. Iweke kwanza katika hali ya ndege, la sivyo ujumbe ukiingia utakukatiza, na wakati mwingine mawimbi yake huingia kwenye rekodi na kulia "tititi, tititi" ambayo haifutiki. Chagua programu inayohifadhi faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, na katika mipangilio yake weka kilohezi 48, biti 16. Usiielekeze mdomoni moja kwa moja; iweke umbali wa shibiri, pembeni kidogo ya midomo, ili P na B zisipige kama ngumi. Kwenye kipimo cha programu, vilele vya sauti viishie kwenye desibeli kasoro 6 (-6) hivi, wala visiguse sifuri, kwa sababu kilichokatika kileleni hakirudi. Na faili ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, litume kama waraka, si kama ujumbe wa sauti, ambao hubanwa mno.

Mwanzisha mada, Mwanza

Mzee wetu wa Dar es Salaam, shikamoo. Nilifuata ushauri wako. Ijumaa nilirudi Mwaloni, hedifoni zimo masikioni tangu getini, nikamwomba mama tuhame. Alinitazama, akauliza kama masikio yanauma. Nilimvisha yeye kwanza. Akasikia vidole vyake mwenyewe vikichambua dagaa, akazishika kwa mikono miwili akakataa kuzivua. Baada ya hapo haya iliniisha, naye akakubali tukae nyuma ya stoo, hatua kama 30 kutoka kwenye jenereta.

Sauti ilitoka safi. Ila hadithi ilikuwa imepoa. Habari ya mvua aliisimulia kwa sentensi tatu, kwa mpangilio mzuri, kama mtu anayejibu mtihani, na pale jikoni hakucheka, alisema tu, "nikacheka." Nikakaa na rekodi mbili: moja chafu yenye uhai, nyingine safi isiyo na kicheko. Mwishowe nilichukua maelezo kutoka ile safi na kicheko cha sekunde 8 kutoka ile chafu. Ili jenereta isizuke ghafla kwenye kicheko, nilichukua dakika moja ya soko tupu niliyoirekodi kando ya kibanda, nikaianzisha chinichini mapema, ikapanda polepole, ikakibeba kicheko, kisha ikashuka tena.

Mwalimu amenipa 68. Jana nikampelekea mama asikilize. Alirudia mara mbili ile sehemu ya nyuma ya stoo, akanirudishia hedifoni, akasema, "Mwanangu, hapa ni wapi? Mbona jenereta haisikiki?"

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam, mstaafu

Marahaba. Kile kicheko ulikianzisha na pumzi yake, au uliikata?

Mwanzisha mada, Mwanza

Na pumzi yake, mzee.