Mama na rafiki yake wa kuombea pamoja tangu 1977, tuwaenzi vipi wakiwa bado hai?

Binti wa Gungu

Bwana asifiwe wapendwa, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia. Naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima usingizi.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, tunakaa nae hapa Gungu, Kigoma. Mwaka 1977 wakati wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walimu walikuwa wanapelekwa popote, yeye akapangiwa shule ya kijiji ndani ndani huko upande wa Nguruka. Akamkuta mwalimu mwenzie, msichana wa Urambo. Mama ni Muanglikana wa Kasulu, mwenzie ni Mmoraviani, na kijiji chenyewe hakikuwa na kanisa la huyu wala la yule, basi wakawa wanasali wawili tu chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya walimu, Jumapili hii anaongoza huyu, ijayo yule. Na kila siku saa kumi alfajiri wanaamshana kwa kugonga ukuta kwasababu vyumba vilikuwa vimepakana. Nyimbo nyingi kumbe wote walikuwa wanazijua, tuni ileile maneno tofauti kidogo, mama anasema kila mtu alikuwa anaimba na maneno yake na hawajawahi kubishania hata siku moja.

Wamekaa hapo miaka sita alafu mwenzie akahamishiwa Tabora, akaolewa hukohuko, saivi yuko Isevya. Tangu hapo mawese na dagaa wanapanda treni kwenda, asali na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) vinarudi, sisi tumekua tunamuita mama mkubwa. Baba alipofariki alikuja akakaa mwezi mzima analala chini kwenye mkeka na mama, na hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa anapika na kuomba basi.

Sasa mama mkubwa alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia umelala na kuongea ni kwa taratibu. Mama nae magoti. Ndugu zangu wanataka tusubiri 2027 itimie miaka 50 tufanye sherehe kubwa ukumbini, sare za kitenge, keki, MC, na grupu la michango limeshafunguliwa. Mimi roho inasita lakini sijui nisemeje bila kuonekana napinga. Mnaonaje?

mama_wa_Mwanga

Amina mwanangu. Usisubiri 2027, nakuomba.

Mimi nilikuwa na rafiki tulianza kwaya pamoja tukiwa wasichana, wote sauti ya pili, tulikuwa tunasimama bega kwa bega mpaka mwalimu wa kwaya akasema tukitenganishwa sauti inapotea. Akaolewa Kaliua. Kila mwaka nasema Pasaka nitaenda kumwona, Pasaka inafika kuna ada, kuna paa linavuja, nasema basi Krismasi. Akafariki mwezi wa kwanza. Nauli ya kwenda kumzika niliipata kwa saa mbili tu, nikakopa huku na kule. Ile nauli ya kumwona akiwa hai niliikosa miaka tisa. Mpaka leo kanisani nikisimama pale kwenye sauti ya pili upande wa kushoto naona pako wazi.

Mpeleke mama yako. Hata kama ni siku mbili.

Mzee wa Isevya

Binti, mimi niko hapahapa Tabora. Wakristo tukiongelea urafiki tunamkumbuka Daudi na Yonathani, lile agano na ile mishale, tunaishia hapo. Mimi hupenda kwenda mbele, 2 Samweli sura ya 9. Yonathani ameshakufa Gilboa zamani, Daudi ni mfalme, na ndio anauliza kama kuna mtu amebaki kwenye ile nyumba amtendee wema kwa ajili ya rafiki yake. Anapatikana Mefiboshethi mtoto wa Yonathani, kilema wa miguu yote miwili tangu ana miaka mitano, mlezi alimwangusha wakati wanakimbia, na anaishi kwa watu huko Lo-debari. Daudi alimrudishia mashamba ya babu yake na akamketisha mezani kwake ale siku zote. Sio mlo wa siku moja hiyo.

Kwahiyo ningekuuliza, watoto wa huyo mama mkubwa wana hali gani? Nani anamnyoosha ule mkono na mguu kila siku, maana mgonjwa wa kiharusi asipofanyishwa mazoezi viungo vinakakamaa. Dawa za presha ananunuliwa na nani, mwezi ukikatika inakuwaje? Hela ya ukumbi ingeweza kufanya kazi kubwa sana pale. Wazee wetu huku walikuwa wanachanjiana, yaani kuunganisha damu wawe ndugu, na ukishachanjiana na mtu watoto wake ni wako, hakuna kujadili. Hao kina mama wamechanjiana kwa maombi, nyie watoto ndio mnarithi huo mzigo, na ni mzigo mzuri.

kijana_kwaya_KGM

Shikamooni wazee. Mimi natofautiana kidogo, sherehe sio mbaya, ila iwe ibada ya shukrani kanisani na watu wale wali baada ya ibada inatosha. Kuna vijana wenzangu wanadhani mtu wa dhehebu lingine huwezi hata kuomba nae, wakiwasikia hao mama wanatoa ushuhuda watajifunza kitu ambacho semina haiwezi kuwafundisha.

Alafu dada, warekodi sauti. Simu yoyote inarekodi. Babu yangu alikuwa mwinjilisti, alizunguka vijiji na rafiki yake kwa baiskeli moja miaka na miaka, tuna picha yao moja imefifia lakini sauti zao hakuna hata moja. Warekodi wakiimba hizo nyimbo kila mtu na maneno yake.

mama_wa_Mwanga

Warekodi lakini waulizwe kwanza. Maombi mengine ni ya watu wawili.

Binti wa Gungu

Nimesoma zote, nyingine nimezisoma nalia. Jana nikamuuliza mama mwenyewe, kitu ambacho kusema kweli hakuna aliyekuwa amefanya kati yetu. Akanyamaza sana alafu akasema yeye ukumbi hautaki, anataka kulala chumba kilichopakana na cha mwenzie wagonge ukuta saa kumi. Nikapiga Tabora nikaongea na binti wa mama mkubwa, nikamweleza, akaenda kumwambia, akarudi kwenye simu anasema mama anasema mkono wa kushoto bado unagonga.

Ndugu zangu nimewatumia hii yote kwenye grupu. Kaka mkubwa amekubali michango ya mwezi huu iende kwenye dawa na mtu wa mazoezi, ibada ya shukrani tutaongea baadae. Tunapanda treni wiki ijayo, daraja la pili la kulala ili anyooshe magoti, na mawese lita tano yameshafungwa. Mzee wa Isevya, kama uko karibu na stesheni naomba mtu wa kumshika mama mkono kwenye kushuka, zile ngazi za behewa ziko juu sana kwake.