Ulinganisho: tangi la pakiti za joto, beseni la nta, taa ya miale au barafu kwa chumba kidogo cha fiziotherapia

Fizio_Mamboleo (Kisumu) aliandika:

Wanajukwaa, naomba maoni ya wenye uzoefu. Zahanati ya binafsi ninakofanya kazi imekubali kununua kifaa kimoja cha kutia joto na kimoja cha kutia baridi, nami nimepewa hadi mwisho wa mwezi kuwasilisha pendekezo pamoja na sababu zake. Wagonjwa wangu wengi ni wa makundi matatu: vijana wa bodaboda waliofunguliwa plasta huku magoti na vifundo vyao vimekakamaa, kina mama wa sokoni wanaoumwa mgongo, shingo na mabega kwa kubeba mizigo, na wazee waliopata kiharusi au wenye baridi yabisi ya vidole. Wengi wa hao wazee wana kisukari vilevile.

Upande wa joto ninalinganisha tangi la pakiti za joto, yaani haidrokoleta, beseni la nta, na taa ya miale ya infraredi. Upande wa baridi kuna friza na pakiti za jeli, barafu ya kawaida, au ile mashine inayozungusha maji baridi ndani ya mkanda unaofungwa gotini. Mwenye zahanati anapendelea taa kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko vyote na haihitaji maji. Mimi nina shaka nayo, lakini shaka tupu haiwezi kuandikwa kwenye pendekezo. Umeme kwetu hukatika mara kwa mara, nalo ni jambo la kuzingatia.

Mkongwe_Nakuru alijibu:

Ndugu Fizio, shaka yako ina msingi. Kila kifaa cha joto ukiulize swali moja kabla ya bei: mhudumu akiitwa nje ghafla, ni kitu gani kitakachozuia joto lisipite kiasi? Tangi lina thamostati inayoweka maji kati ya nyuzi 71 na 74 za Selsiasi. Pakiti ya turubai iliyojazwa udongo wa bentonaiti hutolewa humo, ikafungwa kwa tabaka sita hadi nane za taulo, ikawekwa mgongoni kwa dakika 15 hadi 20. Tangu inapotoka majini pakiti hiyo inapoa tu. Taulo zikiwa chache itaunguza, hilo halina ubishi, lakini haitazidi kupata moto kadiri muda unavyokwenda. Taa haina kizuizi cha namna hiyo. Humwaga joto lile lile hadi mtu aizime, na kiasi kinachomfikia mgonjwa hutegemea umbali, kwa sababu ukiisogeza kutoka sentimita 60 hadi 30 ukali wake unakaribia kuwa mara nne. Mgonjwa akijigeuza kitandani ili astarehe, kipimo kimeshabadilika na hakuna mshale popote wa kukuonyesha.

Sisemi taa haifai. Haigusi ngozi, kwa hiyo humfaa mtu asiyevumilia uzito wa pakiti, na sehemu inayotibiwa unaiona muda wote. Iwekwe sentimita 50 hadi 75, miale ianguke wima juu ya ngozi, macho yafunikwe, na mgonjwa apewe kengele mkononi. Kwa chumba chenye wahudumu wawili ningeichukua iwe kifaa cha pili. Wewe uko peke yako, tena na wazee wenye kisukari.

Jambo moja dogo la tangi ambalo wauzaji hawalisemi: pakiti zisiachwe zikauke, kwa kuwa udongo ukishakauka hupasuka na kumwagika kwenye mishono. Mkifunga zahanati kwa siku nyingi, zitie kwenye mifuko ya plastiki zikiwa mbichi na uziweke kwenye friza. Na kama kwenu asubuhi ni baridi kama Nakuru mwezi Julai (najua si hivyo), usizime tangi usiku, la sivyo wagonjwa wa kwanza watakusubiri hadi karibu saa tano.

Tiba_Vidole_Kakamega alijibu:

Ningependa kuitetea nta, kwa sababu naona inapitwa kimya. Kwa mkono wenye baridi yabisi, pakiti ya tangi ni nzito na haifiki katikati ya vidole. Nta hufika kila mahali. Mchanganyiko wetu ni sehemu sita au saba za parafini kwa sehemu moja ya mafuta ya madini, na beseni hukaa kwenye nyuzi 52 hadi 54. Mgeni akisikia nyuzi 54 hushtuka, maana maji ya kiwango hicho yangemuunguza. Nta haimuunguzi kwa kuwa hubeba joto kidogo kuliko maji, hulipitisha polepole, na tabaka la kwanza likishaganda linakuwa kinga baina ya ngozi na nta inayofuata.

Utaratibu wenyewe: mkono uoshwe na ukaushwe kabisa, pete zitolewe, vidole vitanuliwe kidogo, uchovywe na kutolewa mara sita hadi kumi huku kila tabaka likiachwa ligande, kisha ufungwe kwa plastiki na taulo kwa dakika 15 au 20. Mgonjwa asikunje vidole katikati ya machovyo, kwani nta ikipasuka ile ya moto hupenya kwenye ufa na hapo ndipo malengelenge hutokea. Ikivuliwa ngozi huwa laini, na mazoezi ya kunyoosha vidole yaanze papo hapo kabla joto halijaondoka.

Kasoro zake ni mbili kubwa. Wagonjwa wengi huchovya katika beseni moja, kwa hiyo mwenye kidonda, upele au ukungu wa ngozi hakubaliwi hata akibembeleza. Na nta haiyeyushwi kamwe juu ya jiko la makaa eti kwa sababu umeme umekatika, kwani huweza kushika moto.

Kijana_Eldoret alijibu:

Kwa nini msiruke vyote hivyo mkatafuta mashine ya mawimbi mafupi ya redio iliyotumika? Joto la pakiti na taa linaishia takriban sentimita moja chini ya ngozi, ilhali mawimbi yanafika kwenye misuli ya ndani.

Mkongwe_Nakuru alijibu:

Mwanangu, kuhusu kina unasema kweli, lakini soma tena kundi la kwanza la wagonjwa wake. Vijana wa bodaboda waliovunjika mguu wengi wametiwa vyuma, na mashine ya megahezi 27.12 huelekeza joto kwenye chuma na nyama inayokizunguka. Pakiti ya joto haina tatizo hilo. Mwenye kidhibiti mapigo cha moyo naye hapaswi hata kukaribia mashine hiyo ikiwa imewashwa. Hicho si kifaa cha kwanza cha chumba kidogo.

Muuguzi_Busia alijibu:

Naona mnazungumzia vifaa zaidi kuliko ngozi. Katika zahanati moja niliyowahi kufanya kazi, mzee mwenye kisukari alikaa chini ya pakiti iliyofungwa kwa taulo mbili, akaulizwa kama anaumia, akasema hapana, akarudi nyumbani na malengelenge mgongoni. Alisema kweli, kwa kuwa hakuhisi chochote. Kumuuliza mgonjwa peke yake hakutoshi, ni lazima ajaribiwe kwanza. Chukua chupa mbili ndogo za kioo, moja ya maji ya vuguvugu na nyingine ya maji baridi, uziguse pale pale unapotaka kutibu huku amefumba macho, ukizibadilisha bila mpangilio. Akishindwa kuzitofautisha, sehemu hiyo haipati joto wala baridi. Aliyepata kiharusi ajaribiwe upande ulioathirika, usiridhike na mkono mzima.

Kuna na suala la rangi ambalo miongozo mingi iliyoandikwa nje haitusaidii. Unaambiwa utazame ngozi ikiwa nyekundu au yenye mabaka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo baada ya dakika tano inua taulo, gusa kwa mgongo wa mkono wako, linganisha na ngozi ya jirani, na utazame kama pana mng'ao au uvimbe mdogo. Mama anayejikanda kwa chupa ya maji moto nyumbani kila usiku utamkuta na alama za kahawia zenye umbo la wavu. Hizo zinakueleza kwamba ameshapokea joto la kutosha, tiba nyingine itafutwe.

La mwisho, na huku kwetu kandokando ya ziwa ni la lazima: kabla ya kumwekea mtu barafu, muulize kuhusu selimundu. Ugonjwa huu uko kwa wingi katika maeneo haya yaliyokuwa na malaria tangu zamani, na baridi inaweza kuchochea maumivu makali kwa mwenye nao. Kijana anaweza kukujia na goti linalouma akidhani ameteguka tu. Ongeza pia wale ambao vidole vyao hufa ganzi kwa baridi na wale wanaotokwa na vipele wakigusa kitu baridi.

Fizio_Iten alijibu:

Upande wa baridi niachieni mimi, maana huku kwa wanariadha ndiyo kazi ya kila siku. Barafu ya kawaida inayoyeyuka ndiyo kifaa chenye kipimo cha uhakika kuliko vyote, tena bila thamostati: ikishaanza kuyeyuka, mchanganyiko hubaki kwenye nyuzi sifuri hadi kipande cha mwisho kiishe. Kilo moja ya barafu hufyonza takriban kilojuli 334 kwa kuyeyuka tu, kiasi ambacho kingepandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi 80 hivi. Pakiti ya jeli hubaki laini hata ndani ya friza kwa sababu imetiwa kemikali ya kuzuia kuganda, na ndiyo maana watu huiamini kupita kiasi. Wakati huo imeshashuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukiiweka moja kwa moja kwenye ngozi unaweza kuigandisha. Jeli ni safi na haimwagiki, sikatai, ila iwe na kitambaa chenye unyevu chini yake na isizidi dakika 10 hadi 15.

Ile mashine ya kuzungusha maji ni nzuri kwa goti lililotoka kufanyiwa upasuaji, kwa kuwa inabana na kupoza kwa pamoja. Lakini wauzaji husahau kutaja kwamba ndoo yake inahitaji barafu vilevile, na pampu inahitaji umeme. Hivyo kwa aliye na tatizo la umeme, umenunua matatizo mawili kwa bei kubwa. Pia watu hulala nayo. Nje ya goti, chini kidogo, neva hupita karibu sana na ngozi juu ya mfupa mwembamba wa mguu, na ikipozwa kwa muda mrefu mgonjwa anaweza kuamka akishindwa kuinua unyayo. Sehemu hiyo iwekewe taulo iliyokunjwa, kifaa kiwe chochote.

Halafu tusiitarajie barafu ifanye zaidi ya uwezo wake. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzisha, kutia barafu, kubana na kuinua, miongo kadhaa baadaye aliandika mwenyewe kwamba barafu huenda ikachelewesha kupona. Mimi huitumia kupunguza maumivu saa za kwanza ili mtu aanze kusogeza kiungo, basi. Goti la bodaboda lililotolewa plasta wiki iliyopita halihitaji barafu kabla ya mazoezi, linahitaji joto. Barafu ije baada ya mazoezi kama limevimba.

Fundi_Vifaa_Tiba (Kisumu) alijibu:

Niongeze ya umeme. Kupasha lita 20 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 74 kunahitaji takriban uniti 1.1, bila kuhesabu joto linalopotea, kwa hiyo hita ya wati 1,000 itachukua zaidi ya saa moja. Baada ya hapo gharama ni ya kulitunza joto, na tangi lenye kuta za tabaka mbili na kifuniko kizito hula kidogo. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, tangi kama hilo litakuhudumia wagonjwa kadhaa zaidi; taa itazimika papo hapo.

Adui wa tangi ni ukoko. Maji ya kisima yenye chumvi huacha tabaka jeupe juu ya hita na juu ya kihisi cha thamostati, na kihisi kilichovikwa ukoko huchelewa kusikia joto, hivyo maji yanapita kiwango huku kitufe kikionyesha pale pale ulipokiweka. Mwaga maji yote na usugue kila baada ya wiki chache, ongeza maji kila siku, na uwe na kipimajoto chako cha kutumbukiza ambacho hakitegemei kitufe. Pakiti zikae juu ya waya wa chini, zisiguse hita. Soketi iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Jengo la zamani lipimwe kwanza.

Fizio_Mamboleo aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimeamua kupendekeza tangi la pakiti nne pamoja na friza ndogo kwa barafu na jeli chache, na nta niiombe katika bajeti ijayo kwa ajili ya wazee wa vidole. Mwenye zahanati nitamwonyesha hesabu ya umbali wa taa, nadhani itamgusa kuliko maneno yangu. Bado nina swali moja: muuzaji ana tangi jipya na jingine lililotumika kwa nusu ya bei.

Fundi_Vifaa_Tiba alijibu:

Kwa lile jipya, muombe hati za usajili wa kifaa kutoka Bodi ya Famasia na Sumu. Kwa lile lililotumika, asikuonyeshe likiwa kavu. Alijaze maji, aliwashe asubuhi, nawe ufike mchana na kipimajoto chako, upime pembe zote na katikati, kisha upime tena baada ya nusu saa. Likizidi nyuzi 75 au likipanda na kushuka ovyo, thamostati imechoka. Mwambie aibadilishe kwanza au apunguze bei kwa kiasi cha thamostati mpya pamoja na ufundi. Ukihitaji mtu wa kuandamana naye kwenda kuliona, niandikie kando.