Muvi za Kinaijeria na utajiri wa majoka

mpiga_stori: Wakuu hivi ni mimi tu au hizi muvi ndo zimetujaza, kijana akinunua gari tu mtaa mzima unasema katoa mtu kafara, mara ana joka chumbani linatapika hela??

babu_kijiweni: Mkuu chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta hela za watu, ilikuwepo kabla ya video. Ila Living in Bondage ya 1992 ndo ilichora ramani, jamaa anajiunga na kikundi cha siri anamtoa mke wake anatajirika, baada ya hapo kila muvi ni hiyo hiyo na sisi tukazimeza kwenye vibanda umiza vya kuonyesha video

dada_wa_kona: Na Bongo muvi wakakopi mpaka mganga wake

chizi_fresh: shangazi angu akiota nyoka anakemea kwa lafudhi ya Lagos kabisa 😂😂